Mashine Iliyokatiwa Utepe

"Inatangazwa kwa wafanyakazi wote, kwa amri ya Mtukufu Mlezi wa Taifa, Mshindi wa Vita Vitatu na Daktari wa Heshima wa Mambo Yote, kwamba waifai ya Kampuni ya Taifa ya Fimbo na Pingu haijawahi kukatika, haikatiki, wala haitakatika. Atakayesema kwa mdomo wake kwamba inakatika atachapwa viboko sita. Atakayeonekana anafikiri inakatika atachapwa vitatu."

Tangazo hilo tukufu lilipaswa kuwafikia wafanyakazi mia mbili na arobaini kwa barua pepe, saa mbili kamili asubuhi. Halikufika. Lilizunguka kwenye kompyuta ya Mkurugenzi Mkuu, Jenerali Kitwara, likazunguka, likazunguka tena, kisha kioo kikaandika kwamba anwani haikupatikana. Jenerali akaizaba kompyuta kofi. Akajaribu mara ya pili, likakwama. Mara ya tatu likaenda kwa watu kumi na tisa, wengine hawakuona kitu. Ikabidi Koplo Mwiru apande juu ya meza ukumbini na kulisoma kwa kipaza sauti. Dada mmoja wa ghorofa ya pili alipouliza kwa nini halikuja kwa barua pepe kama matangazo mengine, alichapwa sita kwa kusema na vitatu kwa kufikiri, palepale, kando ya birika la chai.

Haya yalitokea katika nchi ambayo sitaitaja jina, kwa sababu nina meno yangu yote na ningependa kubaki nayo.

*

Kampuni yenyewe ilitengeneza vitu viwili, na msomaji ameshavisikia. Fimbo zake zilikuwa za daraja la kwanza. Zilipinda bila kuvunjika, zilivuma hewani kabla ya kutua, na kila moja ilipigwa mhuri wa tai. Mtandao ulikuwa wa lazima kwa sababu oda zote, kutoka magereza, vituo vya polisi na shule bora za bweni, ziliingia kwa kompyuta. Lakini tangu mwezi wa maadhimisho ya taifa, mtandao ulikuwa na tabia ya ajabu. Ulifanya kazi, ukaacha, ukafanya tena. Mtu alifungua ukurasa wa oda ukafunguka. Akaufungua tena baada ya kumeza mate, ukagoma.

Kulikuwa na desturi katika kampuni hiyo kwamba kila kosa lazima liwe na mwili. Kosa lisilo na mwili halichapiki, na kisichochapika hakieleweki. Basi makosa ya mtandao yalipewa mwili wa Mzee Tungaraza, Fundi Mkuu, mwenye umri wa miaka sitini na moja, aliyeivuta kila waya iliyomo ndani ya jengo lile kwa mikono yake. Walimfungia Chumba Namba Sita. Kusema mtandao umekatika kulikuwa kosa, lakini kujaza fomu kwamba umekatika kulikuwa wajibu. Kila fomu moja iliyoshuka Chumba Namba Sita ilimpatia Mzee Tungaraza kiboko kimoja. Koplo Mwiru alipiga. Alitumia fimbo mpya kila siku, ili kazi ihesabiwe pia kuwa ni majaribio ya ubora.

Wengi, kwa huruma au kwa uvivu, hawakujaza fomu. Hata hivyo zilishuka nne, tano kwa siku.

Alikuwapo pia Karani wa Viboko, aliyeandika saa, kifaa kilichogoma na idadi. Huyu sina haja ya kumweleza sana. Alikuwa kijana mpole, mwenye sura ya kupendeza, aliyetoka shule ya bweni si muda mrefu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote katika kampuni, na hana hatia yoyote katika habari hii. Tuendelee.

*

Aliyebaki kuutazama mtandao alikuwa Sihaba Ng'ondo, fundi wa pili. Mzee Tungaraza alimpokea akiwa hajui hata kubana waya, akamfundisha, akamtetea, akamgawia chakula chake mchana. Sasa kila asubuhi Sihaba alipanda ngazi akiwa na bisibisi mfukoni, na kila mara sauti ya fimbo ilipopanda kutoka chini, mkono wake ulikaza bisibisi hiyo mpaka vidole vikawa vyeupe. Alijua jambo moja tu: akilipata kosa, fomu zitakoma, fomu zikikoma, mzee atapumua.

Wanajeshi walioiongoza kampuni walikuwa na mbinu zao za kutafuta kosa. Jenerali aliishuku ruta ya ghorofa ya tatu, kwa kuwa taa yake ilikuwa ya rangi ya chungwa na zingine zilikuwa za kijani. Ikateremshwa darini. Ikasomewa mashitaka. Ikafungwa kitambaa usoni, yaani kwenye taa, ikaegemezwa ukutani uani, na askari sita wakaipiga risasi ishirini na nne. Vipande vyake vilivunja dirisha la jikoni na kumtoboa mpishi sikio. Mtandao ukaendelea kukatika vilevile, isipokuwa ghorofa ya tatu, ambako sasa haukuwapo kabisa, na Jenerali akaandika kwamba ghorofa ya tatu imetulia.

Ruta mbili nyingine zilichapwa mpaka antena zikang'oka. Hazikusema kitu.

Sihaba hakupiga chochote. Aliketi, akafanya jaribio. Aliufungua ukurasa wa oda mara kumi kwa kuandika jina la ukurasa huo. Mara tano ulikuja, mara tano haukuja. Kisha akaufungua mara kumi kwa kuandika namba yake tupu. Ukaja mara zote kumi.

Akashusha pumzi. Mawimbi yalikuwa mazima, waya nzima, ruta masikini zilikufa bila kosa. Kilichokuwa kinagoma ni majina.

Maana kompyuta, msomaji, hazijui majina. Zinajua namba tu. Ukiandika jina la ukurasa, kompyuta yako hukimbilia kwanza kwa seva ya majina, mafundi huiita DNS, na kuiuliza: huyu namba yake ngapi? Ikijibiwa, safari inaendelea. Isipojibiwa, inasimama njiani ikikodoa macho. Kampuni ilikuwa na seva za majina mbili, Mashine Namba Moja na Mashine Namba Mbili, na ruta zilimpa kila mtu namba za zote mbili achague. Sihaba akaiuliza Namba Mbili maswali hamsini. Ikajibu hamsini. Akaiuliza Namba Moja maswali hamsini. Kimya. Kama kuuliza ukuta.

Akateremka mpaka kwa Karani wa Viboko.

"Niazime daftari lako," akasema.

"Ni siri ya kampuni, dada," akajibu karani kwa heshima zote.

"Nitakuvunja vidole kimoja kimoja."

Karani akampa. Mwandiko ulikuwa safi, mistari imenyooka, kila kiboko kimechorwa kama kistari kimoja cha wino. Sihaba akafunua mpaka ukurasa wa mwanzo kabisa. Kiboko cha kwanza kiliandikwa tarehe tisa ya mwezi wa maadhimisho. Tarehe nane, Mtukufu Mlezi alikuwa amekuja kukata utepe wa Mashine Namba Moja.

"Wewe ndiye uliyeandaa ile sherehe, sivyo?" akauliza. "Siku ile hukuona kitu chochote cha ajabu?"

Karani akaangusha kalamu. Ilikuwa kalamu inayoteleza tu, msomaji, usifikirie mengi.

"Ilikuwa sherehe nzuri," akasema. "Kulikuwa na pilau."

*

Jenerali Kitwara alimpokea Sihaba akiwa anajaribu pingu mpya kwenye mikono ya mhudumu wake.

"Mheshimiwa Jenerali, nimelipata kosa. Mashine Namba Moja haijibu."

"Haimjibu nani?"

"Haimjibu mtu yeyote."

"Hata mimi simjibu mtu yeyote," akasema Jenerali. "Je, nimekufa?"

Mhudumu akacheka inavyotakiwa.

"Naomba ruhusa tu ya kuitoa namba yake kwenye ruta, mheshimiwa. Nywila unayo wewe. Ni kazi ya dakika mbili. Watu wote wataiuliza Namba Mbili, na mtandao utatulia leo leo."

"Uitoe namba ya mashine ambayo Mtukufu ameikatia utepe? Kwa mkono wake wa kulia?"

Hapo inabidi nieleze Sheria ya Utepe. Katika nchi hii, kitu chochote alichokikatia utepe Mtukufu kiko hai na kinafanya kazi, milele. Daraja la mto wa mashariki alilikatia utepe, likaanguka baada ya siku tisa pamoja na watu kumi na wanne. Kisheria lipo. Askari bado analinda ngazi yake, na wananchi huvuka kwa kuogelea chini yake, wakimpungia mkono. Wanaoliwa na mamba huandikwa kwamba wamechelewa kazini.

"Sisemi imekufa, mheshimiwa," akasema Sihaba. "Labda inaumwa."

Jenerali akamwita daktari wa kampuni, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuthibitisha kwamba waliochapwa wanaweza kuchapwa tena. Wote wakateremka mpaka kwenye chumba cha vioo. Mashine Namba Moja ilikaa juu ya zulia jekundu, sanduku kubwa jeusi linalong'aa, limefungwa kufuli, vitaa vyake vikiwaka na kuzimika kwa madaha: nyekundu, kijani, bluu, nyekundu. Mlinzi alisimama kando na bunduki. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila Mtukufu, na Mtukufu hakuwa na sababu. Daktari akaweka kipimo chake kwenye kioo, kwa mbali, akafumba macho, akaandika cheti: *Mapigo yapo. Mgonjwa ni mzima, mkimya kwa hulka.*

"Umeona?" akasema Jenerali.

"Mheshimiwa, daktari amepima kioo."

Jenerali akampiga ngumi ya mdomo. Sihaba akaanguka juu ya zulia, akatema damu, na ndani ya damu jino. Mlinzi akamsogeza kwa buti ili zulia lisichafuke.

"Ijumaa," Jenerali akasema akipangusa pete zake, "Mtukufu anakuja mwenyewe. Tumepata mteja wa kwanza wa nje, fimbo elfu mbili kwa nchi rafiki. Atatuma barua ya kukubali oda kwa kidole chake, mbele ya wafanyakazi wote. Ikienda, ni ushindi wa taifa. Isipokwenda, kosa litakuwa kubwa kuliko viboko, na mwili wake tunao tayari chumba namba sita. Askari watakuwa sita. Wewe utamfunga kitambaa, maana anakupenda."

*

Alipewa dakika kumi za kumwona. Mzee Tungaraza alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka. Mgongo wake sitauandika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, sigeuki. Mbona unaongea kama umeweka karanga mdomoni?"

"Jino limeenda."

"La wapi?"

"Juu, kushoto, mbele."

"Hilo si la kutafunia. Una bahati." Akapanga pumzi zake. "Kosa umeliona?"

Akamweleza yote. Mzee akasikiliza, shavu lake likiwa sakafuni, kisha akatabasamu, jambo lililomshangaza hata Koplo Mwiru aliyekuwa mlangoni akinyoosha bega.

"Ukuta huu," akanong'ona mzee, "upande wa pili ni chumba cha vioo. Mimi huku kazi yangu ni kungoja. Kati ya kiboko na kiboko nasikiliza. Namba Mbili naisikia feni yake mchana kutwa, inakoroma kama mjomba wangu. Hiyo ya utepe sijaisikia hata kukohoa. Mashine isiyo na feni, Sihaba!"

"Basi ndani mna nini?"

"Mashine hamna. Kingine sijui."

"Nikivunja kufuli watanipiga risasi kabla sijafunua."

"Ukivunja wewe, ndiyo."

Wakatazamana. Kisha wote wawili, polepole, wakamtazama Koplo Mwiru na bunduki yake, naye akawauliza wanatazama nini, wapumbavu hawa.

"Lakini usijitie hatarini kwa ajili yangu," akasema mzee. "Mimi nimeshazoea."

"Usiniudhi, Mzee. Nani atanifundisha hizo ruta mpya?"

Karani wa Viboko alikuwa pale pale pembeni na daftari lake. Alisikia kila neno. Hakwenda kusema kwa Jenerali. Mtadhani ni wema, na mimi nisingewakataza kudhani hivyo.

*

Ijumaa ilifika na bendi ya shaba. Wafanyakazi mia mbili na arobaini walisimama ukumbini, mbele ya chumba cha vioo, wakipiga makofi tangu saa moja, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Mzee Tungaraza alifungwa kwenye nguzo, kando ya chumba hicho. Kamba ndizo zilizomshikilia. Miguu ilikuwa imeshakataa. Askari sita wakapanga mstari. Sihaba akamfunga kitambaa machoni, fundo legevu.

"Vuta pumzi tu, Mzee."

"Nitavuta nini kingine?" akasema mzee chini ya kitambaa.

Mtukufu akaingia. Alikuwa mtu mfupi kuliko picha zake. Akahutubia saa moja na nusu juu ya umeme wa fikra na waya za uzalendo, akasema kwamba mataifa mengine yana mtandao lakini sisi tuna msimamo, akashangiliwa, akaketi mbele ya kompyuta, akainua kidole chake cha shahada ili kamera zikione, akabonyeza.

Duara dogo likaanza kuzunguka kwenye kioo. Likazunguka. Bendi ikarudia wimbo wake. Duara likazunguka. Mtu wa ngoma akaacha kupiga. Kisha kioo kikaandika, kwa herufi ambazo watu wote waliziona: *Seva haikupatikana.*

Ukumbini pakasikika mkoromo wa Mashine Namba Mbili.

"Tayari!" Jenerali Kitwara akanguruma. Bunduki sita zikapanda mabegani.

"Nina shitaka!" Sihaba akapiga kelele. "Mtukufu! Nina shitaka la uhaini!"

Bunduki zikasita. Katika nchi hii mtu mwenye shitaka la uhaini husikilizwa kabla ya jambo lolote, hata nyumba ikiwa inaungua, na ziko nyingi zilizoungua kwa sababu hiyo. Mtukufu akageuza kiti.

"Unamshitaki nani?"

"Mashine Namba Moja, Mtukufu. Umeiuliza swali kwa kidole chako mwenyewe, nayo imenyamaza. Si mfu. Cheti cha daktari ninacho hapa: mapigo yapo, mgonjwa ni mzima. Inasikia, Mtukufu. Imekusikia, na imekataa kukujibu mbele ya watu."

Kijasho chembamba kikamtoka Jenerali. Akafungua mdomo kusema mashine ni mbovu tu, akakumbuka Sheria ya Utepe, akaufunga.

"Kitwara," akasema Mtukufu. "Hii mashine iko hai?"

"Hai kabisa, Mtukufu."

"Na hainijibu."

"Haiku... Haikujibu, Mtukufu."

"Basi ni mhaini."

Makofi yakaanza upya. Na hapo ndipo Sihaba, damu ikimtoka tena penye pengo kwa jinsi alivyokuwa ameuma meno, akainua mkono wa pili.

"Mtukufu, mhaini hufutwa kwanza."

Alisema kweli. Serikali ile haijawahi kuua raia hata mmoja. Kabla mtu hajapigwa risasi, jina lake na namba yake hufutwa katika kila daftari la nchi, ili anayepigwa asiwe mtu yeyote. Ni sheria ya zamani na wanaipenda sana. Mtukufu akaitikia kwa kichwa kwa fahari. Jenerali Kitwara akaiendea kompyuta, akaandika nywila yake, naye Sihaba, mbele ya taifa, akafungua orodha ya ruta na kuifuta namba ya Mashine Namba Moja. Akakagua mara mbili. Kisha akaziwasha ruta upya, zote kumi na moja zilizobaki hai.

"Sasa bonyeza tena, Mtukufu."

Mtukufu akabonyeza. Barua ikaenda kabla kidole hakijainuka. Akabonyeza tena, ikaenda tena. Akabonyeza mara saba kwa jumla, akicheka kama mtoto, na nchi rafiki hadi leo inashangaa kwa nini ilipelekewa fimbo elfu kumi na nne.

Walimfungua mzee kwa sababu walihitaji mahali pa kusimamishia mhaini. Askari wanne wakalibeba sanduku jeusi na kushangaa lilivyo jepesi, wakaliegemeza kwenye nguzo, wakalifunga kitambaa.

"Piga!"

Ukumbi ukajaa moshi. Vioo vya chumba vikaanguka vyote kwa pamoja. Mtu wa tarumbeta alipata kipande cha bati shingoni, akakaa chini taratibu huku damu ikimmiminika, na hakuinuka tena. Ameandikwa kwamba amechelewa. Kufuli lilikatika. Kifuniko kikajiachia, kikafunguka chenyewe mbele ya watu mia mbili na arobaini.

Ndani hamkuwa na mashine. Mlikuwa na mawe mawili ya kuongeza uzito, betri ya pikipiki, sahani ya bati, nusu pakiti ya biskuti, na taa za kupambia harusi. Nusu ya taa hizo zilikuwa bado zinawaka: nyekundu, kijani, bluu, nyekundu. Lilikuwa sanduku la bati, lile wanafunzi wa bweni wanalobebea nguo, limepakwa rangi nyeusi kwa nje tu. Kwa ndani lilibaki la bluu. Na upande wa ndani wa kifuniko, kwa rangi nyeupe na kwa mwandiko mzuri sana, palikuwa na jina la mwenye sanduku, kama shule zote za bweni zinavyoagiza.

Mashine ya Majina ilikuwa na jina moja tu.

Jenerali Kitwara akalisoma kwa sauti: "Zablon Kihwelu. Namba 417. Bweni la Nyati."

Akainua macho. "Ni nani huyu Zablon Kihwelu?"

Mahali fulani ukumbini, kalamu ikaanguka.

*

Basi. Ni mimi.

Mashine ya kweli ilikwama bandarini, na Jenerali alisema asubuhi ya tarehe nane aione mashine au aione shingo yangu. Sanduku langu lilikuwa chini ya kitanda. Rangi nyeusi ilikuwapo, na taa niliazima kwa binamu yangu aliyeoa. Mtukufu alipokata utepe na kuliita hilo sanduku langu ubongo wa taifa, nilicheka kwa ndani mpaka mbavu zikaniuma. Nililala nikicheka. Kulikuwa na pilau kweli. Kisha tarehe tisa wakamleta Mzee Tungaraza chumba namba sita, na mimi nikapewa daftari na kalamu.

Nilisema mwanzoni kwamba nina meno yangu yote. Huo pia ulikuwa uongo. Ninaandika haya kwenye mkeka, kifudifudi.

Mzee Tungaraza alipigwa viboko mia tatu na kumi na mbili. Nimehukumiwa idadi hiyohiyo, kisha nifutwe. Sihaba amepandishwa cheo. Hapiti huku, na akipita hanitazami. Koplo Mwiru ni yuleyule. Mzee naye hawezi tena kupanda ngazi kufuata waya, na kwa kuwa anajua kusoma na kuandika, wamempa kiti, daftari langu na kalamu yangu.

Siku ya kwanza sikuthubutu kumsalimia. Fimbo ilipotua nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi mara mbili. Nikadhani amekosea. Ikatua ya pili. Kalamu ikakwaruza mara mbili. Nikageuza shingo kadiri ilivyogeuka. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa kwenye daftari, kwa kila kiboko kimoja akichora vistari viwili, taratibu, ili hesabu yangu iishe haraka. Koplo Mwiru hajui kusoma.

Mimi niliishika kalamu hiyohiyo wiki kumi na moja. Nilichora kimoja kwa kimoja, nikanyoosha mistari.